Kwa wadogo zangu mnaostaafu mwaka huu: hiyo kadi ya bima siyo yenu

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi, nyie mnaohesabu miezi, mlioko maghalani, bandarini, kwenye saruji, walimu, madereva wa halmashauri, na dada zetu wa kubangua korosho mliokaa kwenye benchi miaka ishirini mpaka vidole vimekuwa vyeusi, walionizidi umri shikamooni, na nyie wengine marahaba. Naandika kwa simu na miwani yenyewe kioo kimoja kimepasuka, nikikosea herufi mnisamehe, ila maneno nimeyapima.

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kumuaga mwenzetu mmoja pale mjini. Pilau, keki, bando mbili za bati, khanga za mkewe, hotuba ndefu hizo, MC anachekesha watu, mi nimekaa namwangalia tu yule bwana, afu nikamnong'oneza, bima yako inaisha lini? Akacheka kweli. Akaniambia babu we, kadi si hii hapa, akaichomoa kwenye waleti akanionyesha. Nikanyamaza maana pale hapakuwa mahali pake, ila usiku usingizi ukakata, ndo maana mnaona barua hii.

Kadi ile na mimi nilikuwa nayo. Nimestaafu tarehe 1 Julai 2019, nimezaliwa tarehe 1 Julai kama nusu ya watu wa rika langu, tunajua wenyewe kwa nini. Miaka 24 nimefanya kazi kwenye ghala la kampuni binafsi, mwajiri simtaji, hata nikimtaja haisaidii kitu. Bima yetu ilikuwa ya kampuni ya bima binafsi, mwajiri analipa kwa mwaka, sisi tunapewa kadi, tunaenda hospitali tunaweka dole gumba basi unatibiwa. Miaka yote ile sijawahi kuuliza nani analipa na mpaka lini. Kadi ina picha yangu, ina jina langu, nikajua ni yangu.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo mkojo ukaziba usiku. Wanaume mliofika sitini mnanielewa, tezi dume hiyo. Bibi yenu akaita bajaji tukaenda hospitali moja siitaji, nimejikunja kama ng'onda, nikatoa kadi, binti wa kaunta akaiingiza kwenye mashine akaniangalia kwa huruma, akasema mzee hii haisomi, imeshafungwa tangu mwezi wa saba. Miezi mitatu nzima natembea na kipande cha plastiki mfukoni najiona nina bima! Wakaniwekea mpira kwa hela ya mfukoni, usiku ule nikalala, ila safari ndo ilikuwa inaanza, maana upasuaji nikaambiwa niende Dar, enzi hizo hii Hospitali ya Kanda ya Kusini ya pale Mitengo ilikuwa haijaanza kazi.

Sasa hela. Kiinua mgongo changu kilikuwa kimeshaingia na kimeshatoka, nimemalizia nyumba, nimemnunulia kijana bodaboda, nikachangia na jando la wajukuu wawili, ngoma wiki nzima, sijutii, ila na mimi nilijisahau. Penisheni ya mwezi ndo hiyohiyo mnayoijua. Nikawa na korosho shambani kwetu huko upande wa Newala, msimu unaanza, magunia bado hayajafika AMCOS, chama chetu cha ushirika, mnada bado, na malipo ya mnada huwezi kuyaambia yaharakishe kwa sababu una mpira wa mkojo. Nikauza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya ushirika. Ndiyo, mi niliyekuwa nawasema watu kwenye vikao kwamba kangomba ni kujinyonga, nikauza mwenyewe, kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu kuitaja. Nikaenda Dar na mpira wangu kwenye basi, masaa yale yote, nikafanyiwa, nikapona alhamdulillah. Kwa hiyo ugonjwa ule haukunila mimi tu, umekula na msimu mzima wa korosho, na salfa ya kupulizia mikorosho mwaka uliofuata nilikopa.

Haya, turudi kwenu. Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujaandika barua ya kuulizia mafao, chukua kadi yako uigeuze usome imetoka wapi. Hapo ndo watu wanapotengana njia, na wengi hamjui mko njia ipi.

Kama ni ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ile waliyokukata asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaweka 3 nyingine, we una nafuu. Mfuko ule ulianza kazi 2001, na mtumishi anayestaafu akiwa mwanachama huwa anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena kitu. Lakini haiendelei yenyewe kama mto Ruvuma! Lazima uende ofisini kwao, urudishe kadi za zamani, michango yako ihesabiwe, uandikishwe kama mstaafu. Kuna mwalimu mmoja tunayeswali naye msikitini alikaa mwaka mzima akisubiri kupigiwa simu. Nani akupigie? Na mkumbuke kadi ya mstaafu ni wewe na mwenza, watoto wanatoka. Hapa Kusini tunazaa mpaka uzeeni, mtu ana sitini na kitinda mimba yuko darasa la tatu, na wajukuu wanne wameletwa na mama zao wako Dar wanatafuta maisha. Kitinda mimba aliyekuwa kwenye kadi yako jana, leo hayumo, na wajukuu nao wanakuangalia wewe. Sasa hao ndo wanahitaji bima ya pili, ya nyongeza, na wengi mnasahau kwa sababu we mwenyewe umetulia na kadi yako. Afu hiyo nafasi ya mwenza ni ya mtu mmoja, wenye wawili mkae mzungumze mapema nyumbani, mi simo.

Kama kadi ni ya kampuni binafsi, kama yangu mimi, basi jua siku yako ya mwisho kazini inaweza ikawa ndo siku ya mwisho ya kadi. Mwingine mwajiri wake anamuacha mpaka mkataba wa bima wa mwaka uishe, mwingine inakatwa mwisho wa mwezi. Kamuulize mtu wa utumishi akupe kwa maandishi, tarehe ngapi inafungwa. Siyo kwa mdomo, kwa mdomo mi niliambiwa "usijali mzee". Na uliza kitu kingine hapohapo, je hiyo kampuni ya bima inamruhusu mtu aliyekuwa kwenye kundi la mwajiri aendelee mwenyewe kwa kujilipia? Zingine zinakubali lakini ukiomba mapema kabla kadi haijafa, ukichelewa unahesabiwa mtu mpya, na mtu mpya wa miaka sitini na ushee kwenye bima binafsi ni kama kutafuta mchumba na mvi, wengi wana kikomo cha umri wa kuingia, na anayekukubali atakupimisha, atakuuliza presha, sukari, tezi, afu anakwambia ugonjwa uliokuja nao hatuulipii au usubiri miezi kadhaa. Usidanganye kwenye ile fomu. Nawajua mtasema sina presha huku dozi iko mfukoni. Siku ya kudai wanachimbua faili lako la kliniki, wanakuta, wanakataa, na mchango wako umekwenda.

Huu muda wa kungoja ndo hamuuelewi hata kidogo. Mtu anafikiri bima ni kama vocha, unakwangua unapiga. Bima nyingi ukijiandikisha leo kadi haifanyi kazi leo, na upasuaji na magonjwa ya muda mrefu yanangojewa zaidi. Kwa hiyo kama kadi ya kazini inakufa Juni, ya pili uanze kuitafuta Januari, uwe nazo mbili kwa muda, ulipe mara mbili hata kama inauma, ili ile ya zamani ikifa hii mpya iwe imeshafunguka. Hilo pengo la katikati ndo lilinikamata mimi.

Na nyie ambao hamkuwahi kuwa na kadi yoyote, dada zangu wa kubangua na vibarua wa maghalani, msisome mkaruka. Kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu sita, unatibiwa kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, huku kwetu Ligula, kwa wa Lindi Sokoine. Watu walikuwa wanaidharau, oo dawa hakuna, unaandikiwa ukanunue. Ni kweli kuna siku dawa hazipo, mi siwadanganyi. Lakini elfu 30 ni kilo ngapi za korosho jamani? Tena Novemba 2023 Bunge limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, kwa hiyo mambo haya yanabadilika, bei mliyoisikia kwangu au kwa jirani nendeni mkaiulize upya kwa mtendaji wa kata au ofisi ya bima. Mnakumbuka Toto Afya, mtu analipa 50,400 mtoto anatibiwa mwaka, Machi 2023 ikasimamishwa, wazazi wakaduwaa. Usikae na habari ya zamani.

Kuna na ile ya wazee, sera inasema mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, kuna dirisha lao na kile kibao cha mpishe mzee kwanza. Nilijaribu na mimi. Mwenyekiti wa mtaa aliangalia bati langu jipya akaniuliza mzee kweli huna uwezo? Nikaona haya nikaondoka. Anayestahili aende tu akaandikishwe, ila wewe uliyetoka kwenye mshahara usijenge matumaini yako pale.

Karatasi sasa, hapa msinichoke. Majina. Sisi watu wa Kusini majina yetu yanatuponza, barua ya ajira Saidi, kitambulisho cha taifa cha NIDA Said, kadi ya mfuko Seif, cheti cha ndoa ndo usiseme, wengi tulifungishwa na shehe sebuleni, hakuna cheti, miaka 35 ya ndoa na wajukuu tisa halafu huna karatasi ya kuonyesha huyu ni mke wangu. Anza mapema, cheti cha ndoa kifuatilie, majina yasipolingana nenda kwa wakili upate hati ya kiapo, na nakala za kila kitu ziweke kwenye mfuko wa nailoni, mchwa wa hapa hawana adabu. Mke naye awe na NIDA yake. Bibi yenu yake ilichukua muda mrefu mpaka tukagombana.

Mtaniuliza hela itoke wapi. Itoke kwenye mkupuo, siku unapoingia, kabla ya bati na kabla ya bodaboda. Toa mchango wa miaka miwili, weka pembeni kwenye akaunti ambayo kadi yake ya benki humpi mtoto, hata yule mpole. Baada ya hapo funga hesabu yako na msimu, sisi hapa mwaka wetu hauanzi Januari, unaanza mnada wa kwanza Oktoba, basi ukilipwa korosho lipa bima hapohapo, usingoje masika mfuko ukiwa mtupu. Wa pwani mnaovua na wa ufuta kule Lindi mnajua wenyewe hela yenu inaingia lini. Watoto pia waambiwe. Wako Dar wanatuma elfu kumi kumi za sukari, waambie mwaka huu nisaidieni hili moja, kila mtu atoe kidogo mara moja.

Lingine, rufaa. Kadi zetu nyingi zinataka upande ngazi, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, ndo kanda. Ukiruka ngazi bila karatasi ya rufaa unalipa mwenyewe. Siku hizi Mitengo ipo, Ndanda ipo, Nyangao ipo kwa wenzetu wa Lindi, ulizeni kadi yenu inapokelewa wapi kati ya hizo kabla hamjaugua, maana Dar ni mbali na barabara ile tunaijua, Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zikaikata kule Somanga, magari yakalala njiani siku kadhaa. Mgonjwa wako angekuwa kwenye moja ya yale mabasi ungefanyaje?

Yule bwana wa sherehe nimemtafuta jana. Kaenda kwa mtu wa utumishi, kaambiwa kadi yake inafungwa tarehe 30 mwezi huu. Alikuwa hajui. Leo asubuhi kaja kwangu Chikongola na bahasha yake ya karatasi, majina kwenye NIDA na kwenye barua hayalingani, tumekubaliana Jumatatu namsindikiza kwa wakili afu tupitie ofisi ya bima tukaulize kama mkewe mwenye sukari watamchukua. Mwingine mwenye bahasha aje Jumapili baada ya adhuhuri, nipo barazani, na akipita sokoni akaona ming'oko, vile viazi vya porini, aninunulie fungu moja.