Wanangu mnaokwenda kusomea masta ya watu na kompyuta, mtu akikwambia "ni nzuri" usimuamini haraka

Marahaba wanangu, marahaba nyote. Mwezi huu mmenipigia sana, mmepata nafasi za masta ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta, yaani kusomea watu wanavyotumia simu na mashine ili zitengenezwe ziwafae, wengine Marekani wengine Uingereza, na kila mmoja ananiuliza anunue laptop gani na ajifunze programu gani ya kuchorea skrini. Nimeona nisijibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja msome wote.

Laptop mtanunua. Programu za kuchorea mtazijua ndani ya wiki mbili tatu na baada ya miaka kidogo zitakuja nyingine. Mimi nataka kuongea na nyie habari ya heshima, maana ndo kitu kilichonipa shida kuliko vyote na hakuna aliyeniambia kabla sijaondoka.

Hizi masta za mradi hazifanani na digrii ya kwanza mliyosoma, ya kudurusu notsi usiku kucha kisha mtihani. Chukulia Carnegie Mellon kule Pittsburgh, wana masta hii toka miaka ya tisini, pale mnawekwa timu ya watu kama watano mnapewa mteja wa kweli, kampuni au taasisi ya nje, na kazi yake mnakaa nayo kuanzia Januari mpaka Agosti, mnaenda kuwatazama watu wanavyofanya kazi, mnachora, mnatengeneza kielelezo cha kujaribia, mnawapelekea, kinawashinda kutumia, mnarudi mnaanza tena. Sasa hapo kwenye kuwapelekea watu ndo penye kazi.

Mimi nilienda kusoma nina miaka 38, watoto wawili nimemuachia mama yangu Tanga. Mradi wetu ulikuwa wa hospitali moja, kifaa cha mkononi cha manesi kuingizia kumbukumbu za dawa walizowapa wagonjwa. Tulihoji manesi wengi tu, tukawaonyesha skrini zetu, kila mmoja nzuri sana, nzuri sana, tukarudi tunafurahi, mteja naye akafurahi. Halafu mwalimu wetu akasema nendeni mkakae wodini zamu ya usiku, msiulize kitu. Tukaenda. Nesi mmoja ambaye alitusifia kabisa nikamuona anaandika namba kwa kalamu nyuma ya mkono wake, kitanda baada ya kitanda, kile kifaa chetu kipo mfukoni, na alfajiri ndo akakaa chini akaingiza vyote kwa mpigo. Ile skrini yetu ilitaka avue glavu na ashike kifaa kwa mikono miwili, na nesi wa usiku mikono miwili hana, mmoja una trei. Nilipomuuliza kwa upole mbona hukutuambia, akasema niliona mmehangaika sana nikaona vibaya kuwavunja moyo.

Nililia bafuni siku ile wanangu. Kilichoniliza ni kwamba mimi nimelelewa hivyohivyo, ukipewa chakula hakina chumvi unasema ahsante kimenoga, iweje sikulijua hilo kwa watu wengine?

Baadaye kuna watafiti walilipima jambo hili India, mjini Bangalore, majibu wakayatoa 2012. Watu wakiamini kifaa kimetengenezwa na huyu anayewahoji walikuwa na uwezekano kama mara mbili na nusu zaidi wa kusema chake ndo bora. Na anayehoji akiwa mgeni kutoka nje anayehitaji mkalimani, inafika mara tano. Nyie mkirudi huku na jaketi la chuo cha Ulaya kumhoji bibi wa Kilosa, hata kama Kiswahili mnakiongea, kwake nyie ni wageni. Atawaambia nzuri mwanangu, Mungu akubariki, na akishika simu mwenyewe hajui pa kubonyeza.

Kwa hiyo angalieni mikono. Mpe mtu kazi ya kufanya, mwambie "mtumie dada yako elfu kumi", halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu kwa sababu ukimuona mtu mzima anahangaika damu yako inataka kumsaidia, na ukimsaidia umeshapoteza ulichokuja kukitafuta. Usiseme hii ni kazi yangu, sema nimetumwa niangalie panapokwama. Mwombe akuambie jirani yake angekwama wapi, mtu ambaye hawezi kukosoa kwa mdomo wake atakosoa kwa mdomo wa jirani, hiyo nimeijaribu miaka mingi inafanya kazi.

M-Pesa yenyewe ilipatikana kwa kutazama. Majaribio ya 2005 kule Kenya, Nairobi na Thika, yalikuwa ya watu kurudisha mikopo midogo kwa simu, basi. Wale watu wakaanza kuitumia wanavyotaka wao, huyu anamtumia mwenzake, huyu anaweka hela kabla ya safari asitembee nazo, na waliokuwa wanaendesha majaribio waliona, mpaka huduma inaanza rasmi Machi 2007 imeshakuwa ya kutuma pesa nyumbani. Wangewauliza tu kama mpango wa mikopo ni mzuri wangejibiwa ndiyo ni mzuri.

Na mkifika huko mtafundishwa mtumiaji mmoja, simu moja, namba moja ya siri. Semeni mnachokijua. Semeni kwamba kuna nyumba simu ni moja na watu ni sita, kwamba bibi anampa mjukuu namba ya siri amuangalizie salio, kwamba wapo wanaomtajia wakala namba hiyohiyo ili awafanyie, na wanaofanya hivyo wana akili zao timamu, wanatafuta njia ya kupita pale ambapo menyu iliwafungia. Menyu ya pesa kwenye simu ya kitochi inabeba herufi 182 kwa ukurasa, ukichelewa kusoma inakata, unaanza upya. Mzee ambaye macho hayaoni vizuri atafanyaje? Timu yako haitalijua hilo usipolisema, na watoto wetu wengi nimewaona wakifika kule wanakaa kimya kwenye kikao, wanaona wenzao Kiingereza kinatiririka, wanaitwa watulivu. Ule utulivu tunafundishwa mbele ya wakubwa ni mzuri nyumbani, ila pale kwenye kukosoa kazi za wenzako ukinyamaza ni kama umewanyima mchango wako. Kosoa kazi, usikosoe mtu, na yako ikikosolewa andika, usijitetee.

Mtasikia pia watu watano wanatosha kujaribia kazi yako, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia vitu, aliandika hilo 2000, kwamba watano wanakuonyesha kama asilimia 85 ya matatizo. Sawa, lakini watano kutoka hosteli yako ni mtu mmoja amejirudia mara tano.

Ada ni kubwa na masta hizi mara nyingi hazina ufadhili kama PhD, ulizeni chuo mapema kwa maandishi, msisubiri mpaka mmekata tiketi.

Wale wa Dar ambao hamjaondoka, Jumamosi hii nitakuwa kwa wakala wangu wa pesa za simu Temeke kuanzia saa tatu asubuhi, nimeshamuomba ruhusa na wateja tutawaomba pia. Njooni wawili wawili na daftari, mkae kwenye benchi masaa mawili. Namba za siri za watu hamtaangalia wala kuandika. Andikeni kila mahali mtu anaposita kidole, na simu zenu ziwe mfukoni.

Shangazi yenu.