Barua kwa vijana wa msafara wa Mfungo Sita, Tanga

Vijana wangu wa Ngamiani, Makorora na Msambweni, mnaotutangulia kwa pikipiki na dufu kila tunapokwenda maulidini Pangani,

Assalaam alaykum.

Maneno haya ninayo kifuani tangu msafara uliopita. Kabla ya kufika Tongoni, trafiki walisimamisha kenta yetu. Mlijazana nyuma hadi wengine wameketi juu ya bodi, miguu ikining'inia nje. Pikipiki zilipakia mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kila moja, na moja ilimbeba mtoto wa madrasa juu ya tangi, kichwa kitupu. Askari alipouliza, mmoja wenu akamjibu kwa ukali: "Mnatuzuia ibada. Katiba imetupa uhuru wa dini." Wenzake wakapiga takbiri. Askari akatuachia. Mlishangilia, mimi nikainamisha kichwa.

Takbiri ya namna ile niliisikia zamani. Nikiwa na miaka 19 nilikuwa utingo wa lori lililopeleka watu ziarani. Breki zilikuwa mbovu tangu asubuhi, nami nilijua, maana mimi ndiye niliyeweka gogo nyuma ya tairi kila tuliposimama. Nilimwambia dereva. Akanijibu kwamba safari ya kheri haina baya. Watu wakaitikia kwa takbiri, nikanyamaza. Kwenye mteremko lori likamshinda, likalala ubavu ndani ya mikonge. Mvulana wa miaka kama 9 hakuinuka tena. Msibani kila aliyempa baba yake mkono alisema ni kadari. Nami nikasema. Hakuna aliyemwambia mzee yule habari ya gogo. Amekufa hajaijua.

Kadari naiamini, wanangu, na nitakufa nikiiamini. Lakini Sayyidna Omar, khalifa wa pili, alipokaribia Sham akaambiwa kuna tauni, aliwarudisha watu wake. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Omar akasema naam, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Nani kati yenu ana imani kumshinda Omar?

Na hiyo Katiba mliyomtajia askari, isomeni yote. Ibara ya 19 inatupa uhuru wa imani na ibada, na ni neema kubwa. Ibara hiyohiyo inaiweka haki hiyo chini ya taratibu za sheria kwa ajili ya usalama na amani ya jamii. Ibara ya 30 inakataza mtu kutumia uhuru wake kwa namna ya kuingilia uhuru wa mwingine. Askari hakuwauliza mnasali vipi. Aliuliza mmepanda wangapi.

Jirani zetu Wakristo nao wamelia. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Na huko ng'ambo ya Horohoro, nchini Kenya, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo baadaye ilipita 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Watoto wengi walikuwemo. Siwafananishi nyinyi na mhubiri wa kule, Mungu apishe mbali. Nawakumbusha tu kwamba mtu mzima akijichagulia shida, hiyo ni yake na Mola wake. Mtoto wa Shakahola hakuulizwa. Na yule wa juu ya tangi, nani alimuuliza?

Mama yake alimvalisha kanzu mpya akamkabidhi kwenu kwa sababu ni safari ya dini. Angekuwa anakwenda kwenye mpira, angeuliza gari gani, dereva nani. Jina la Mtume ndilo lililomfanya asiulize, na amana hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwaka huu nimezungumza na wazee wenzangu, tutachanga nauli ya mabasi mawili kwa ajili ya watoto wote wa madrasa. Kenta ibebe mazulia na masufuria. Mwenye pikipiki aje na kofia ngumu mbili na abiria mmoja. Nitakuwepo tangu baada ya sala ya alfajiri, nitazikagua tairi na breki mwenyewe. Atakayeniambia namzuia ibada, nitamketisha chini nimsimulie habari ya gogo, kisha ndipo tutaondoka.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga