Shangazi, ile sauti umeisikia nusu

Shikamoo shangazi.

Najua ile sauti Mama aliyokutumia WhatsApp imeshazunguka mtaa mzima. “Wifi yangu, wamenileta Nairobi kunilisha mkate uliochacha!” Hata muuza mahamri kaniuliza. Basi na mimi nakujibu hadharani, kwa kuwa umenisema hadharani.

Alisema, sikatai. Lakini aliirekodi baada ya tonge la kwanza, na pale kwenye mkahawa wa Kihabeshi tulikaa saa tatu nzima.

Kwanza hilo la nyama, eti tumemlisha, maana ndilo unalolipigia kelele. Hatukula nyama. Wenye mkahawa ni Wahabeshi Wakristo, na Mama unamjua, hali kitoweo asichojua kimechinjwa na nani. Bahati ilikuwa Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na wakifunga hawagusi nyama, mayai, maziwa wala samli. Kwa hivyo wana sinia la siku ya funga, yetsom beyaynetu: kamande nyekundu zenye pilipili ya berbere, njegere kavu za manjano, kabichi na karoti, mboga ya majani, na shiro, yaani unga wa dengu uliopikwa ukawa mzito. Vyote vimemwagwa vifungu vifungu juu ya injera moja pana, ndiyo huo mkate uliochacha wenyewe. Kula sinia moja kwa mkono hatukufundishwa na mtu, sisi ni watu wa harusi. Ila mkono ulizoea wali, ghafla unaambiwa umege sahani yenyewe uchotee mchuzi.

Hapo ndipo Mama alipokunja uso. Baridi, laini kama sifongo, na ukali unaopanda puani. Unga wa teff, nafaka ndogo ya Kihabeshi, huachwa siku mbili tatu uumuke kwa maji ya chachu waliyobakiza ya mara iliyopita. Mimi nilimeza kwa adabu tu, sitakudanganya.

Kisha Mama akakigeuza kipande. Juu matundu, chini laini. Akamwita yule dada aliyetuhudumia: “Hamgeuzi?” Akajibiwa hapana, humiminwa juu ya chuma, hufunikwa, huiva upande mmoja. Mama akanitazama kama niliyemficha kitu. “Si chila hii! Haina nazi tu.” Ule mkate wetu wa mchele wa kumimina.

Toka hapo hakusema tena. Alikula mpaka ile ya chini iliyokunywa mchuzi wote, na hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Mwanangu alipoambiwa kuna gursha, mtu kumlisha mwenzake kwa mkono, akafinyanga tonge kubwa kuliko kinywa akamsukumia bibi yake. Mama alitoka machozi, sijui ya berbere au ya nini.

Kahawa ilikaangwa mbele yetu, moshi ukapitishwa kila mtu aunuse, pembeni ubani unafuka. Wanaiita buna. “Buni,” Mama akawasahihisha. Inamiminwa mara tatu kutoka jebena, birika lao la udongo: abol, tona, na ya tatu baraka. Mimi nilitaka kuondoka baada ya ya pili, foleni ya magari nayo inanisubiri. Akanishika kanzu. “Baraka huikimbii wewe.”

Jumapili anarudi na treni. Kanunua kilo mbili za unga wa teff Eastleigh, na njia nzima ananiuliza kama kile chuma chako cha chila bado unacho. Kifiche mapema, shangazi.