Mwanangu, kitabu chako nakurudishia

Mwangaluka mama,

Habari za Dodoma, watoto hawajambo? Shikamoo ya mkwe nimeipata, mwambie marahaba. Huku tupo, goti linauma asubuhi kukiwa na ubaridi wa ziwa ila Mwaloni, sokoni kwenye dagaa zangu, naenda kama kawaida. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati juzi tu tumeongea, ila haya ninayotaka kukwambia kwenye simu yananishinda, mara bando limekata, mara mtoto anakuita, mara mteja kaja anauliza sado shilingi ngapi, basi maneno yanabaki tumboni.

Unalikumbuka lile sanduku la bati la marehemu baba yako? Mwezi wa kwanza nililifungua natafuta karatasi za kiwanja, chini kabisa nikakuta kitu kimeviringishwa kwenye kitenge cha zamani, kufungua ni Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi. Nikakaa chini palepale. Ni kile nilichokunyang'anya 2009 ukiwa form two, ulikuwa umekaa nyuma ya jiko unasoma mboga inaungua, mimi nilivyoona jina la kitabu nikakinyakua na nikakwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, wewe hukujibu hata neno moja. Ulikiazima kwa mwenzako na mimi nikaenda kumlipa mama yake hela ya kitabu ili tu kisirudi mikononi mwako. Na nilikuwa sijakisoma mwanangu. Nilijua tu kwamba kilishawahi kupigwa marufuku mashuleni, nikaona hiyo inatosha.

Sasa siku hiyo nikakiweka mezani nikashindwa kukifungua. Nikajiambia ngoja nisome vingine kwanza. Ndio hivyo mwaka mzima nimesoma, nakizunguka hicho kimoja.

Muda nimeupata wapi, utauliza. Wewe umekulia hapa unajua, dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanalala nyumbani, Mwaloni kunapoa, chanja za kuanikia zinabaki tupu. Zamani siku hizo za mbalamwezi nilikuwa nazunguka tu kudai madeni. Mwaka huu nimekaa na miwani.

Nilianza na Peponi ya Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobeli 2021, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis, maana ya Kiingereza ningechoka. Kuna mtoto wa miaka kumi na miwili anaitwa Yusuf, anapandishwa treni na mjomba Aziz anajua anaenda kutembea, kumbe baba yake ana deni na yeye ndio rehani. Kuna kijana mwingine pale dukani, Khalil, anamwambia yule sio mjomba wako. Mama, niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje. Sisi hapa tunapeana mzigo kwa mali kauli, chukua sasa ulipe ukishauza, kila wiki, mtu akishindwa kulipa anakuletea binti yake akusaidie kazi za nyumbani "mpaka mambo yakae sawa". Yule binti aliyekaa kwetu ulipokuwa form four, unamkumbuka, alikuwa anakufuata kila mahali. Baba yake alikuwa na gunia zangu nne. Mimi nilikuwa namwita mwanangu na yeye ananiita mama mdogo, sijui yeye moyoni alikuwa anajua nini. Nimemtafuta mwezi wa tatu, yuko Geita ana mgahawa wake, tukaongea vizuri tu, ila nilipotaka kuuliza hilo neno nikashindwa.

Ambacho sikukipenda kwenye hicho kitabu ni mwisho, yaani yule kijana anawakimbilia wale askari wa Wajerumani na kitabu kimeisha hapo hapo. Nilirudia ukurasa wa mwisho nadhani kuna karatasi imechanika.

Halafu kuna mteja wangu kijana anasomea mambo ya samaki chuo akaniletea kitabu cha Kiingereza, Darwin's Dreampond, kimeandikwa na Mholanzi mmoja Tijs Goldschmidt aliyekuwa hapa hapa Mwanza miaka ya themanini anatafiti furu, hawa samaki wetu wadogo wa ziwani. Mama, kitabu kizima ni furu! Hicho kimenichukua miezi miwili na kamusi pembeni, yule kijana akipita ananisomea kurasa mbili tatu. Mimi niliyeuza samaki miaka yote hii nilikuwa najua furu ni furu tu, tunawatofautisha kwa ukubwa basi. Kumbe walikuwepo aina mamia kwenye ziwa hili, na kila aina ina namna yake ya kula, mwingine anavunja konokono, mwingine anakula wadudu wa kwenye matope, mwingine anakwangua magamba ya wenzake. Jike anaficha mayai mdomoni na watoto wakianguliwa wanaendelea kukaa humo mdomoni wakiona hatari, nikasema sawa hilo nalijua, kila mtoto wa ziwani ameshaliona. Lakini kuna furu wengine kazi yao ni kumvizia huyo mama, wanamgonga mdomo au wanamkaba mpaka anawatema watoto, wanawala. Nilimsimulia mama jirani mwenye meza ya sato akaniambia acha uongo.

Ila hapo ndipo nilipogombana na huyo Mholanzi. Yeye anaomboleza, na ana haki, sangara aliletwa kwenye hili ziwa miaka ya hamsini na sitini na ilipofika ile ya themanini akazaliana kupita kiasi, furu wakapotea, aina nyingine watu wa sayansi hawakuwahi hata kuzipa jina. Bibi yako alikuwa analalamika hivyo hivyo, kwamba furu wa kukausha wameisha na hili samaki jipya lina mafuta halikauki jua, mpaka ulichome kwa kuni. Mimi nilikuwa binti nikadhani ni uzee unaongea. Lakini ada yako mama, kuanzia form one hadi six, ilitoka kwa sangara. Baba yako alivua sangara, mimi nikauza mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, nje ya kiwanda, bati za nyumba hii ni sangara, kitanda cha hospitali ulipozaliwa mdogo wako ni sangara. Nilikuwa nasoma usiku najibizana na huyo mtu kama yuko hapo kwenye kiti. Sijamalizana naye bado. Ninachojua sasa hivi nikiona furu wamechanganyika kwenye dagaa siwatupi pembeni tena, nawaangalia kwanza, naangalia mdomo, naangalia rangi.

Katikati hapo nikapumzika na yule mpelelezi Willy Gamba, Kikosi cha Kisasi ya Musiba, nilianza saa mbili usiku nikamaliza jogoo anawika, bwana yule anatembea! Hicho ukipata mpe mkwe.

Nagona ya Kezilahabi nayo nimeisoma, kitabu chembamba hata dagaa kavu ni nzito kuliko hicho, nimekisoma mara mbili na zote mbili sikuelewa, ila kuna kitu kilinishika humo ndani, kama unapotembea usiku karibu na maji unasikia mtu anaongea ng'ambo huyaoni maneno ila sauti unaipata. Nitakirudia mwakani. Wewe uliyesoma uniambie.

Sasa subiri nikwambie kuhusu Myombekere. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ukerewe anayenunua dagaa kwangu aliniazima, kitabu kinene kama tofali, kurasa zimelegea amezifunga na mpira wa baiskeli, akaniapisha nisikitoe nje kukiwa na mvua. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza. Huyu mzee alikiandika kwa Kikerewe akamaliza 1945, hakikupata wa kukichapa, akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Hebu hesabu mama, miaka 35 mtu anakaa na kitabu chake ndani kisiwani pale, ng'ambo yetu hapa, feri inaondoka asubuhi mchana umefika Nansio! Mimi nimevuka kwenda Ukerewe kwa mama yangu mara ngapi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba hapa kuna mzee ameandika maisha yetu yote.

Maana ameandika yote kweli. Bugonoka hajapata mtoto, ndugu wa mume wanamsema, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere hatafuti mwingine, anamfuata mkewe ukweni, anatozwa pombe ya ndizi, na Kitereza anakueleza hiyo pombe inavyotengenezwa mpaka na wewe unaweza kuanza kesho. Anakueleza watu wanavyosalimiana, wanavyolima, wanavyovua, mgonjwa anavyoangaliwa. Yule mwalimu alinionya kwamba vijana wanakiona kinachosha, hadithi haikimbii. Mimi ndio nilipenda hivyo hivyo. Kuna salamu humo ndani na namna ya kumkaribisha mgeni nilikuwa sijaisikia tangu bibi yako afariki, nikawa nasoma kwa sauti peke yangu jikoni nalia. Sikulia kwa huzuni, ilikuwa kama amepita mlangoni. Siku ya kukirudisha nilimpelekea mwalimu na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akasema sasa wewe ni mtu wa pili kumaliza.

Utendi wa Mwana Kupona nimeusoma mwezi wa kumi. Naye alikuwa anamwandikia binti yake, mama mgonjwa wa kule Pate, anamwambia binti asogee na achukue wino na karatasi ana usia anataka kumpa. Ni 1858, na mwaka huo huo ndio Speke alifika hapa kwetu Mwanza akaliona ziwa akalipa jina la malkia wa kwao, sisi shuleni tuliimbishwa Speke, Mwana Kupona hatukutajiwa. Mengi anayomwambia binti kuhusu mume mimi sikubaliani nayo, kuomba ruhusa ya kila kitu hata ya kutoka nje, hapana, mimi baba yako nilimheshimu lakini pesa ya mapanki nilishika mwenyewe. Ila nilivyofikiria kwamba anaumwa, anajua hatapona, na anachotaka ni huyo mtoto akae karibu tu asikilize, nikanyamaza. Ndipo nikajua siwezi kuendelea kukizunguka kile kitabu.

Nikakifungua mwezi wa kumi na moja, mbalamwezi ile ya mwisho.

Kipo Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa Kezilahabi mwenyewe, kimetoka 1971. Nilikuwa nimejiandaa kukuta uchafu. Nikakuta baba anaitwa Zakaria, analewa, na binti wake anamchunga kama mbuzi wa mahari, binti kapewa barua na kijana tu, barua, anapigwa. Na kuanzia hapo kila kitu kinaenda upande. Yule msichana hajafundishwa kitu zaidi ya kuogopa, kwa hiyo siku anayokuwa mbali na nyumbani, hakuna wa kumtisha, hana kingine cha kushika. Sikwambii mwisho. Nitakwambia tu kwamba nilisoma mpaka saa nane usiku na taa ya simu maana umeme ulikatika, na nilipomaliza nilimchukia Zakaria sana, halafu nikakumbuka mboga inaungua na wewe umesimama pale umeinamisha kichwa.

Mimi nilidhani nakukinga mama. Hicho kitabu kilikuwa kinazungumza na mimi, kilikuwa cha wazazi, nami nikakifungia kwenye sanduku miaka kumi na sita. Na wewe hukunieleza tena kitu chochote tangu siku ile, mchumba wako wa kwanza nilimsikia kwa watu wa kanisani, mimba ya kwanza alinipigia mkwe. Nilikuwa nasema huyu mtoto msiri, kafanana na baba yake. Nisamehe. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo, nisamehe mwanangu.

Kitabu kiko kwenye mzigo pamoja na hii barua, nimekifunga na kitenge kile kile, nimempa konda wa basi la asubuhi Nyegezi, ukifika stendi mpigie, namba yake nimekutumia kwenye meseji. Kuna na dagaa kilo tano, weupe, wa juzi, waanike tena kidogo maana huku kulinyesha. Kuna furu watatu nimewatoa nikawafunga pembeni kwenye gazeti, waonyeshe watoto kabla ya kuwapika.

Ukurasa uliokuwa umefikia bado umekunjwa kona. Sikuunyoosha. Mimi nilipofika hapo niliushika kwa upande mwingine nikageuza hivyo hivyo.

Mama yako,
Kirumba, Mwanza