Sikio Halifunui Kurasa

Dada mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie. Huku ughaibuni ni salama. Umeuliza wewe na mama muanze na vitabu gani vya kusikiliza. Nitajibu kwa kirefu, maana riwaya tamu kwa macho huenda isiwe tamu kwa sikio.

Anayesoma karatasi akipotea hufunua kurasa mbili nyuma. Anayesikiliza hubonyeza kitufe cha kurudi sekunde 15 au 30, kumbe uzi ulimponyoka dakika kumi zilizopita. Kwa hiyo kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini, uliza nani anaisimulia, na msimulizi anabadilika mara ngapi.

Kwa kuanzia sioni cha kushinda Treasure Island ya Robert Louis Stevenson (1883). Kijana Jim Hawkins anasimulia mwenyewe, mambo yanafuatana bila kurukaruka, na yule haramia Long John Silver humpa msomaji wa rekodi nafasi ya kuonyesha ufundi wa koo lake. Kuna shimo moja tu: sura ya 16 hadi ya 18 Jim ananyamaza na Daktari Livesey anapokea masimulizi. Kwenye karatasi kichwa cha sura kinakuonya. Kwenye sauti kichwa hicho hupita upesi, na kama mtu anaosha vyombo atabaki anashangaa Jim amekuwa daktari lini. Mwambieni mama mapema.

Wuthering Heights ya Emily Brontë (1847) msimpe kwanza. Tatizo lake ni majina: Catherine wawili, mama na bintiye, halafu Linton ni jina la ukoo na pia ni jina la kijana mmoja. Mkitamani lazima, chora ukoo wote kwenye karatasi na muiweke karibu na simu.

Frankenstein ya Mary Shelley (1818) ni hadithi tatu zilizofunikana. Kapteni Walton anamwandikia dada yake barua, ndani ya barua hizo Victor Frankenstein anaeleza yaliyompata, na ndani ya maelezo ya Victor yule kiumbe aliyemuumba naye anasema yake. Wote watatu husema "mimi", kwa hiyo msomaji asipobadilisha sauti hata kidogo mtachanganyikiwa. Lakini akimngurumisha kiumbe kama zimwi, hajakielewa kitabu: kiumbe yule ni msemaji fasaha, na uchungu wake uko kwenye ufasaha huo. Tafuteni msomaji anayempunguzia mwendo tu.

Kilichonikaa zaidi ni Dracula ya Bram Stoker (1897). Kitabu kizima ni shajara, barua, telegramu na vipande vya magazeti, na kila kipande hutanguliwa na jina la mwandishi au tarehe, hivyo sikio linapewa kibao cha njia kila baada ya muda mfupi. Humo Daktari Seward hurekodi shajara yake kwa fonografu, mashine ya zamani ya kunasa sauti, kisha anagundua kwamba hajui atapataje sehemu moja anayoitaka katikati ya sauti yote ile. Mina, mhusika mwenzake, ndiye anayemchapia kwa taipu. Shida yetu sisi wasikilizaji, Stoker aliiona kabla ya 1900!

Vitabu vyote hivi vinne vimesomwa kwa Kiingereza na vinapatikana bure LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanza 2005, kwa vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani. Kitabu kimoja huweza kuwa na rekodi kadhaa, na hapo ndipo watu hukosea. Kuna ya msomaji mmoja mwanzo hadi mwisho. Kuna ya watu waliogawana sura. Kuna ya kuigiza, kila mhusika na mtu wake. Ile ya kugawana sura iacheni: Jim wa sura hii ni mzee, wa sura inayofuata ni binti. Kwa Dracula ni mbaya zaidi, kwa kuwa sauti hubadilika sura inapobadilika, si shajara inapobadilika, na sikio linadhani mhusika amebadilika.

Kumjaribu msomaji, msisikilize ukurasa wa kwanza, maana hapo kila mtu hujitahidi. Ruka hadi katikati, penye watu wawili wanaobishana, sikiliza dakika tano. Je, mnajua nani anasema kabla ya kuambiwa? Mwisho wa sentensi unasikika au anaumeza? Anayemeza mwisho wa sentensi hafai kabisa penye kelele.

Kuhusu bando: faili la kbps 64 (kipimo cha wingi wa data ya sauti kwa sekunde) hula karibu MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa 9 ni kama MB 260. La kbps 128 ni mara mbili, na kwa sauti ya mtu anayesoma hamtaona tofauti ya maana. Likiwepo la M4B chukueni hilo, kwani kitabu kizima huwa faili moja lenye sura ndani yake. Fungueni kwa programu ya vitabu. Programu ya muziki mara nyingi husahau mlipoishia, na kitufe cha kuchanganya nyimbo kikiwa kimewashwa, muuaji atakamatwa kabla hajaua.

Spidi isizidi 1.25. Kwa spidi hiyo saa 10 zinakuwa 8, na hiyo inatosha. Ukizidisha, unabana ule ukimya mfupi kabla ya mlango kufunguliwa, na hofu yote imo mle. Kipima muda cha kulalia wekeni dakika 15. Mama akiweka saa nzima ataamka sura mbili mbele, na kurudi nyuma gizani kutafuta aliposinzia ni kazi isiyoisha.

Mkimaliza cha Stevenson niandikie mama amemwonaje Silver. Kama amemhurumia, nitawachagulia kingine cha aina hiyo.

Ni mimi mdogo wako.