Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: njia zetu za baiskeli, toka mto Kafubu mpaka mto Lufira

Wazee wetu, mama zetu, dada na kaka wa chama chetu cha baiskeli cha Lubumbashi,

Nawasalimu kwa jina la kamati nzima. Hesabu za mwaka nimemwachia mama mweka hazina. Amezibandika mlangoni, kila faranga na risiti yake, naye atajibu maswali yenu nikishamaliza. Mimi nitasema juu ya njia, kwa kuwa ndiyo kazi mliyotupa.

Mlituagiza tutafute njia za safari za siku mbili tatu, zisizopita kwenye lami ya kwenda Likasi. Sababu hakuna asiyeijua. Zile kilometa 120 hivi za barabara ya taifa namba 1 ni mali ya malori ya shaba na kobalti, usiku na mchana. Ukingo wa lami umeliwa, na malori mawili yakipishana mpanda baiskeli hana pa kwenda ila majanini. Kuna wanachama wanaopenda ile lami kwa sababu inakimbia, na wamenieleza hivyo mara nyingi, wengine kwa sauti kubwa. Nawaheshimu. Ila safari ambayo mtu anaangalia nyuma kuliko mbele, mimi siiiti matembezi.

Mwanzoni kamati iligawanyika. Vijana walitaka tuzifuate njia za makala, yaani za wabeba mkaa kwa baiskeli, na hoja yao ilikuwa na uzito: pori lote la kuzunguka mji limechanwa na njia hizo, ni ngumu chini, ni nyembamba, zinafaa baiskeli kabisa. Waliozifungua ni wapanda baiskeli wakubwa kuliko sisi sote. Mmoja tulimkuta juu ya kilima, anapumzika kabla ya kushuka. Magunia yake ameyafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye matairi ya gari, uma wa mbele ameuchomelea chuma cha ujenzi, na nyuma ya kiti amesimamisha fimbo ya kusukumia. Breki hana, mteremkoni anakanyaga tairi kwa ndala. Aliyatazama magurudumu yetu, akacheka: "Papa, hii kinga yenu haina nguvu," maana yake baiskeli. Kisha akatusaidia kuliko ramani yoyote: "Ile njia haina tena daraja. Mupite ku chini, kwenye bamama banalowekaka mihogo."

Tukapita chini. Daraja kweli halikuwepo, na mama hao walikuwepo, na kijito kilikuwa cha kufika magotini.

Lakini njia ya makala ina ugonjwa wake. Inafuata miti, na miti haikai. Miti ya muputu na mutondo ikishakatwa upande mmoja, tanuru inahamia mbele, mwenye makala anahama nayo, na njia ya zamani inaachiwa majani. Mvua za msimu mmoja zinatosha kuifuta. Kijana wetu mmoja alikuwa ameihifadhi kwenye simu njia ya mwaka juzi. Tulipoifuata ilitupeleka katikati ya majani yanayomfunika mtu, ikaishia hapo. Kila mwaka pori linasogea mbali zaidi na mji, na njia hizi zinasogea nalo. Chama hakiwezi kuchora safari zake juu ya kitu kinachotembea.

Ndipo tukakubaliana kufuata maji. Kijito hakihami. Na nchi yetu, ukiitazama kwa maji, inasomeka vizuri kuliko ukiitazama kwa barabara. Mpaka wetu na Zambia upande wa Kipushi umechorwa juu ya mgongo wa ardhi unaogawa mvua. Tone linaloangukia kusini linaingia Kafue, linafika Zambezi, linaishia Bahari ya Hindi. Linaloangukia kwetu linaingia Kafubu, linashuka Luapula, linapita ziwa Mweru na mto Luvua. Ukitoka hapa kuelekea Likasi unavuka mgongo mwingine, huuoni kwa macho lakini mapaja yanausikia, na toka hapo maji yote ni ya Lufira, yanayokwenda kaskazini kuingia Lualaba katika bonde la Upemba. Maji ya Kafubu na ya Lufira yanakuja kukutana tena kule Ankoro, Luvua inapoingia Lualaba, kisha kwa pamoja yanakwenda Atlantiki.

Kwa mpanda baiskeli habari hiyo ina faida ya wazi. Ukienda juu ya mgongo huvuki mto hata mmoja. Ukienda bondeni unavuka kila kijito kinachoingia mtoni. Basi njia ya mgongoni ni ya mwezi wa nne na wa tano, mvua zinapoisha na udongo mwekundu bado unashika matairi, halafu tena ya mwezi wa kumi. Njia ya bondeni ni ya mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kalenda ya safari mnayoipokea leo imepangwa hivyo tu. Mtu akiniuliza kwa nini Lufira haiko mwezi wa pili, nitamwomba aende akaitazame mwezi wa pili.

Njia ya mgongoni, ile ya Kipushi, sitaieleza sana. Ni fupi, wengi mmeshaipita, na shida yake si njia bali karatasi. Tuko kando ya mpaka, kwa hiyo kila mtu abebe kitambulisho chake, hata mtoto, na kundi lisipite kwenye vijia vya ng'ambo ati kwa sababu ni karibu. Maji ya kunywa mnabeba toka nyumbani. Maji ya Kafubu na ya mto Lubumbashi chini ya mji na ya migodi hatuyanywi hata yakichemshwa, maana moto unaua vijidudu, hauondoi metali.

Njia ya Lufira ndiyo iliyokula mwaka wetu, na sijuti. Tunaacha lami mapema, tunaingia pori la miombo, na kuanzia hapo mtu anajifunza kuisoma ardhi. Penye miti mirefu chini ni pakavu. Miti ikikatika ghafla na mbele yako kukawa na majani matupu, laini, ya kijani hata mwezi wa nane, hilo ni dambo, yaani bonde la maji na tope. Usiliingie na baiskeli hata likionekana kama uwanja wa mpira. Zunguka kando yake, kwenye mpaka wa miti, ambapo wenyeji nao wamepitisha kijia. Kuna na vilima visivyo na mti hata mmoja katikati ya pori zito. Hivyo ni vilima vya shaba: udongo wake una mukuba, yaani shaba, mwingi mno, mti unakataa, yanaota majani na maua yaliyozoea sumu hiyo tu. Wazee walivitambua hivyo kabla mzungu hajafika na vyombo vyake.

Na vichuguu. Wageni wetu wa mwezi wa saba walipiga picha za vichuguu kuliko za mto, nami nawaelewa. Vingine vinafika mita 8 kwenda juu, vina kichaka chao juu, na kivuli chake ni kizuri saa sita mchana. Wataalamu waliochunguza vichuguu vya huku kwetu walikuta kimoja chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Karibu na mji vinachimbwa kuwa matofali, na ukuta wa nyumba yangu, nasema ukweli, umetoka humo humo.

Upepo nao ni wa kuhesabu. Kiangazi unavuma toka kusini-mashariki, kwa hiyo kwenda Lufira unasukumwa mgongoni na kila mtu anajiona bingwa. Kurudi ndiyo kazi. Ndiyo maana kamati imeamua safari iishie Kapolowe, tule samaki wa ziwa Tshangalele na bukari, yaani ugali, na baiskeli zirudi juu ya gari. Ziwa hilo ni la bwawa: Lufira ilizibwa pale Mwadingusha mwaka 1930 ili kupata umeme wa migodi. Bonde la Lufira lina hadhi ya hifadhi ya UNESCO tangu 1982, ingawa ukiangalia magunia yanayotoka humo huwezi kujua. Wapenda historia watataka kusimama kwenye daraja la Lufira, ambapo Septemba 1961 askari waliotumwa kuwaokoa Waairishi wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, walishindwa kuvuka. Wasimame, wasome, ila wasiweke baiskeli barabarani.

Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi kweli, chini ya digrii 10. Mwaka huu wapo waliokuja na shuka moja. Mwezi wa nane na wa tisa ni moto wa majani. Ukiona moshi mbele, kundi linasimama na kuuliza kijijini, halikisii.

Nije kwenye jambo gumu. Vijana wanataka njia ya Lufira tuiweke kwenye intaneti, kila mtu aipakue. Mimi napinga, na kamati imegawanyika tena. Njia ile inapita mashambani, kwenye makaburi mawili, na kwenye maji ambayo watu wanakunywa. Tuliipata kwa kukaa na chifu na wazee, tukaeleza sisi ni nani, kwamba hatutafuti madini wala mti wa mukula, ule wa mbao nyekundu. Maana mgeni mwenye simu anayepiga alama porini, hapa kwetu, amekuwa mara nyingi mtu wa mukula au wa kibali cha mgodi, na kijiji kina haki ya kumwogopa. Tangu amri ya 2014 jamii inaweza kuomba msitu wake rasmi, hadi hekta 50,000, na vijiji kadhaa vinafikiria hivyo. Mipaka ikishajulikana, wao ndio watakaosema nani apite na kwa masharti gani. Kabla ya hapo, kuitangaza njia ni kugawa kitu cha mwenzako. Vijana wana jibu lao, watalitoa wenyewe, na ni jibu zuri kuliko nilivyotaka liwe.

Mengine kwa ufupi. Mafunzo ya fundi ya Jumamosi yanaendelea, na mama na wasichana sasa ni wengi kuliko wanaume pale, jambo ambalo wanaume walieleze wao. Kila kundi litabeba mipira ya ndani, spoki na kipande cha mnyororo. Waliokwama kwa kukosa hivyo wanajijua. Wanaoomba tufike maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu: ni zaidi ya mita 300 za maji yanayoanguka, nami nayatamani. Lakini panahitaji ruhusa ya ICCN, taasisi ya taifa ya hifadhi, siku nyingi na gari la chakula. Si mwaka ujao.

Kwa ajili ya mwaka ujao kamati inaomba leo kitu kimoja cha fedha: mbao na misumari ya daraja dogo la kijito kile cha mihogo. Kijiji kimejitolea kutoa magogo na watu. Tulipofika na wazo hilo, mama mmoja aliuliza kama daraja litakuwa la baiskeli tu au na la mtu mwenye beseni kichwani. Tukaongeza upana kwenye mchoro palepale. Wenye makala watalipita kuliko sisi, na kuna mwanachama aliyeniuliza kwa nini tulipie njia yao. Kwa sababu sisi tunapita kwenye njia yao bure tangu chama kianze.

Kura juu ya mbao na kura juu ya kutangaza njia zitapigwa mbalimbali, leo, mkono juu. Mbao zikikubaliwa zinunuliwe wiki hii, maana mvua ya kwanza ya nguvu ikishanyesha gari halifiki tena pale.