Leptanilla: tusiongeze jina kabla ya kumlinganisha dume na mfanyakazi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu sisimizi wanaoishi chini ya ardhi kandokando ya Mediterania inashauri kwamba dume yeyote wa Leptanilla (jenasi, yaani kundi la spishi, ya sisimizi hao) asiyefanana na wanaojulikana apewe jina jipya mara moja. Naomba nafasi ya kupinga ushauri huo, kwa sababu ndio uliolivuruga kundi hili kwa zaidi ya karne.

Jenasi hii iliundwa na Carlo Emery mwaka 1870, kwa wafanyakazi (majike wasio na mabawa wanaofanya kazi za koloni) waliotoka Corsica aliowaita Leptanilla revelierii. Mfanyakazi ni wa manjano iliyopauka, ana urefu wa milimita moja na kidogo, hana macho, na kiunoni ana vifundo viwili. Mwaka 1907 Felix Santschi, daktari aliyeishi Kairouan nchini Tunisia, akaeleza L. tanit na L. minuscula. Yeye alikuwa na madume tu, nao wana mabawa na macho na umbo jingine kabisa. Carlo Baroni Urbani alipopitia upya kundi zima mwaka 1977, bado ilimbidi ashughulikie madume mbali na wafanyakazi. Kwa hiyo inawezekana kabisa spishi moja ya Afrika Kaskazini ikawa inabeba majina mawili, moja la dume na jingine la mfanyakazi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua jambo hili hata kama hawajamwona Leptanilla. Yule mdudu mkubwa wa kahawia mwenye tumbo refu, anayegongagonga taa usiku wa mvua, ni dume wa siafu. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina ya spishi, alipompata mmoja kutoka Afrika Kusini mwaka 1764, alimweka katika jenasi ya nyigu.

Ili kuwalinganisha lazima uwapate wote wawili, na wafanyakazi ndio kazi ngumu. Kuchekecha majani makavu hakusaidii, maana hawaishi humo. Faneli yenye taa nayo huwakosa: udongo wa mfinyanzi hukauka kuanzia juu, na sisimizi mdogo hivyo hufa njiani kabla hajafika kwenye chupa. Kinachofaa ni kuosha udongo. Chimba wakati wa mvua za majira ya baridi, maana kiangazi huwapeleka chini zaidi. Chukua lita 10 hadi 20 kutoka kina cha sentimita 20 hadi 40, penye mawe yaliyozama na mizizi. Loweka kwenye ndoo, vunja mabonge kwa mkono bila kusugua, kisha mimina juu ya chekeche mbili: ya juu ya milimita 2, ya chini isiyozidi milimita 0.2. Ukitumia ya milimita 0.5, sisimizi watapita kwa urefu wao na utaamini hawapo. Kilichobaki kwenye ile ya chini kitie katika maji ya chumvi ya Epsom yenye msongamano wa takribani gramu 1.2 kwa mililita. Mchanga utazama, wadudu wataelea. Wasuuze kwa maji matamu, kisha watie kwenye ethanoli ya asilimia 96. Usitumie formalini, kwani huharibu DNA.

Madume watafute mahali palepale kwa mtego wa Malaise (hema la wavu linalonasa wadudu warukao) na mabakuli ya manjano yenye maji na tone la sabuni. Lakini kuwapata mahali pamoja si ushahidi kwamba ni spishi moja, kwani spishi mbili zinaweza kuishi katika udongo uleule. Hapo ndipo DNA inapohitajika, na si lazima kumsaga mdudu. Mlaze mzima usiku mmoja katika kimeng'enya cha proteinesi K, kinachoyeyusha tishu laini, kwenye nyuzijoto 56, chukua kimiminika, kisha mwili usuuzwe na uwekwe kwenye slaidi. Jeni ya COI ya mitokondria, kipande chake cha jozi besi 658, ni mwanzo mzuri tu. Sisimizi wana nakala bandia za jeni hiyo ndani ya kiini cha seli, na usipokagua kodoni za kusimamisha (alama za mwisho wa jeni zinazojitokeza katikati ya nakala bandia) unaweza kulinganisha nakala badala ya jeni. Ongeza jeni za kiini.

Kwamba njia hii inafanya kazi, Yavnella, jenasi iliyo karibu na Leptanilla, ni ushahidi. Mtafiti Kugler aliianzisha jenasi hiyo mwaka 1987 kwa madume peke yao, mmojawapo kutoka Israeli. Mfanyakazi wake wa kwanza kutambuliwa, Y. laventa wa Iran, alielezwa mwaka 2022, na kilichomweka katika jenasi hiyo ni ulinganisho wa jenomu, yaani wa sehemu nyingi za DNA. Miaka 35!

Vipimo pia vinahitaji uangalifu kuliko makala ilivyodokeza. Kichwa kina upana wa takribani milimita 0.2, hivyo kosa la milimita 0.01 ni asilimia 5, na kichwa kilichoinama kidogo tu chini ya hadubini kinatosha kuleta kosa hilo. Pima wafanyakazi kadhaa, kila mmoja zaidi ya mara moja, ukimweka upya kila mara. Kwa madume, viungo vya uzazi vichorwe kabla mwili haujakauka, kwa sababu hujikunja na umbo lake hupotea.

Jambo la mwisho makala haikuligusa. Kwa kanuni za majina ya wanyama, jina la zamani zaidi lililo halali ndilo linaloshinda. Anayetaka kuchapisha Leptanilla mpya wa Tunisia au Algeria lazima kwanza alinganishe na vielelezo vya awali, vile vilivyotumiwa kutoa majina: vya Emery viko Genoa, vya Auguste Forel, mtaalamu mwingine wa sisimizi, viko Geneva, vya Santschi viko Basel. Akiwa na dume tu, na hana DNA wala mfanyakazi, achapishe picha, vipimo na mahali alipopatikana, amwite Leptanilla sp. (yaani spishi isiyotajwa), na kielelezo akiweke makumbusho ili atakayempata mfanyakazi aweze kumfikia. Naomba toleo lijalo lirekebishe ushauri ule.

Msomaji wenu,
Morogoro